Mwaka Tulioficha Likembe

Mwezi uliopita tulimzika Yaya Helena; yaya kwetu ni dada mkubwa. Kilio kilikuwa nyumbani kwa binti yake, kule mtaa wa Bel-Air, na sisi wazee tulikalishwa sebuleni kwenye viti vilivyosukumwa ukutani, huku vijana wakiwa nje chini ya turubai. Mjukuu wake mmoja, mwanamke mzima mwenye kazi benki, aliniletea sahani ya chakula akaniomba nimsimulie jambo la bibi yake ambalo yeye halijui. Nilimsimulia mawili matatu ya kuchekesha. Kisha tukaongea habari zake mwenyewe, na katikati ya maneno akasema kwamba zamani alipenda sana kuchora, hata walimu walimsifu, ila aliacha tangu aolewe. "Miye ni muntu mukubwa sasa, Mamu," alisema. "Saa ya kuchezea nitaitoa wapi?" Alisema hivyo akitabasamu, kama mtu anayetaja kwamba mvua imekatika. Jibu langu ni refu, lina aibu ya nyumba yangu mwenyewe, na lina woga ambao hadi leo, nikisikia mlango wa gari ukifungwa mbele ya nyumba, unanishika hapa chini ya mbavu. Afadhali niliandike.

Nilikuwa na miaka ishirini, na miaka miwili ya ndoa, bila mtoto bado. Mume wangu Anselme alikuwa karani katika nyumba moja ya biashara mjini, kwenye barabara za Wazungu. Tuliishi katika mtaa wa Weusi unaoitwa leo Kamalondo: vyumba viwili, jiko la nje, na ukuta mmoja uliotutenga na Yaya Helena na mumewe, ambaye kazi yake ilikuwa kutia makaa kwenye mashine ya treni. Helena alitoka Mitwaba, sisi tulitoka Kasai, lakini ukuta ule ulikuwa mwembamba hata akajua ninapika nini kwa kusikia kisu changu. Kila siku saa kumi na moja Anselme aliingia, akavua koti, akalegeza tai bila kuifungua fundo ili kesho aivae vile vile, akatoka nyuma ya nyumba bila viatu, na likembe lake mkononi, ile ala ndogo ya muziki. Alilitengeneza mwenyewe. Kisanduku chake kilitoka kwenye mbao za kasha la sabuni, na ndimi zake, zile fito za chuma zinazopigwa kwa vidole gumba, alizifua kutoka mbavu za mwavuli uliovunjika. Hakuwa fundi, naweza kusema hivyo leo bila kumvunjia marehemu heshima. Alikosea mahali pale pale kila siku, akacheka, akarudia. Siku nyingine hakupiga kabisa, alikaa tu akikwaruza ulimi mmoja kwa tupa mpaka sauti imridhishe. Ilikuwa saa nzima hivi, si zaidi. Kisha alinawa, tukala bukari, ndio ugali, na sombe ya majani ya muhogo kutoka sahani moja, naye akanisimulia ofisi yao: nani amemwaga wino, Mzungu gani amepoteza barua akaenda kumfokea mwingine. Nilidhani wanaume wote hurudi kazini hivyo, na maneno na kicheko. Sikujua kwamba mtu yule aliyeketi mbele yangu alikuwa anatengenezwa upya kila siku kule nyuma ya nyumba, na kwamba pasipo saa ile nisingemtambua.

Mwanzo wa kiangazi, majira yale ya baridi na vumbi, ndipo mambo yalipobadilika. Ofisini kwao alikuwamo karani aliyewapita wote kwa umri, Bonifasi, mtu wa miwani na maneno machache, aliyemfundisha Anselme kuandika kwa mashine. Siku moja Bonifasi alichelewa kwa mgonjwa, akakamatwa njiani baada ya king'ora kilichowakataza Weusi kutembea usiku. Hakuwa na karatasi ya ruhusa. Asubuhi ofisi ilimtuma Anselme aende kituo cha polisi kutoa ushahidi kwamba ni mtu wao, naye akafika pale wakati ule ambao hakupaswa kufika. Jioni yake hakwenda nyuma ya nyumba. Aliketi mezani na koti lake mwilini. Nilimwekea chakula, kikapoa.

"Banamulalisha chini, mu kiwanja," alisema mwishowe. "Na kravati yake mu shingo. Aliomba kintu moya tu, bamutolee miwani kwanza."

"Na banamutolea, Tatu?" nilimuuliza; Tatu ni baba, kama yeye alivyoniita Mamu, mama.

"Polisi moya aliishika. Aliishika vizuri, Mamu, na mikono mbili, isivunjike. Mpaka bakamaliza fimbo yote."

Kisha akasema kwa Kifaransa, polepole, kama mtu anayesoma barua ya mtu mwingine, kwamba ataomba kadi.

Vijana wa leo hawaijui kadi ile. Serikali ya kikoloni iliwapa Weusi wachache ambao, kwa macho yake, walikuwa wameendelea. Mwenye kadi aliweza kutembea baada ya king'ora, aliweza kuingia mahali wengine walipofukuzwa, na juu ya yote hakulazwa chini akachapwa. Watu wa mtaani waliwacheka makarani walioitafuta, wakasema wanataka kuwa Wazungu. Mume wangu hakutaka kuwa Mzungu. Alitaka asilazwe chini, basi. Lakini kadi haikutolewa kwa barua tu. Tume ilikuja nyumbani kwa mwombaji, bila kusema siku wala saa, ikaingia kila chumba, ikaangalia kitanda kina mashuka mangapi, ikafunua vyungu, ikatazama choo, ikamhoji mke. Mtu mmoja aliyekwisha kutembelewa alimweleza Anselme kwamba walipiga magoti wakachungulia hata chini ya kitanda. Alimwambia pia kwamba mwenzao mwingine alinyimwa kwa sababu alikutwa bado na mambo ya kijijini. Mambo gani, hakujua. Kutojua kule ndiko kulikotuingiza woga. Kama wangetuandikia orodha, tungeifuata. Kwa kuwa haikuwepo, kila kitu ndani ya nyumba yetu kikawa kama shahidi anayeweza kutusaliti: ufagio, kinu, mkeka, kibao cha kukalia. Anselme alizunguka vyumba vyote na macho yake mapya, na macho yale yakaishia kwenye likembe lililokaa dirishani. Alilifunga katika kitambaa akalipeleka kwa Yaya Helena. Nilimsikia ukutani akisema, "Uiweke ku kwako, Yaya. Siku kidogo tu." Helena akamjibu, "Nitaiweka. Lakini haitakuwa siku kidogo."

Tulinunua meza yenye kitambaa, na uma, na visu. Nilijifunza kula viazi kwa uma mlango ukiwa wazi, wapita njia waone. Bukari tuliila kwa kujificha. Nilifunga mlango kwa komeo, nikavuta pazia, tukanawa haraka, tukala kwa vidole bila kuongea, sikio moja likiwa barabarani, kama watu wanaokula kitu cha wizi. Nikitaka kupika ndakala, samaki wale wadogo wakavu, nilikwenda kuwapikia jikoni kwa Helena ili harufu isikae kwetu.

"Mudogo yangu," aliniuliza siku moja, "juu ya nini munafunga madirisha na hii joto ya makala ya jiko?"

"Harufu ya samaki isiingie kwetu, Yaya."

"Sasa samaki imekuwa polisi?"

Nilicheka, lakini nilipokuwa nacheka nilisikia gari, nikanyamaza mpaka lipite. Ndivyo nilivyoishi miezi ile. Magari hayakuwa mengi katika mtaa wetu, na kila moja nililijua mapema: kwanza mngurumo, kisha mbwa, kisha watoto wakikimbia, kisha ile hatari ya injini kupunguza mwendo. Nilikuwa nikishikilia ukingo wa meza hadi injini ipande tena. Nilitandika kitanda mara tatu kwa siku. Niliota meno yangu yanahesabiwa.

Lakini aliyenitisha zaidi hakuwa wa tume. Saa kumi na moja Anselme aliingia, na kwa kuwa hakuwa na la kufanya nyuma ya nyumba, alibaki ndani nami. Alipitisha kidole juu ya rafu akakitazama. Alisimama mlangoni akabisha, akaingia kana kwamba yeye ndiye Mzungu wa tume, akaniuliza kwa Kifaransa jina langu, mashuka yangu, sala zangu, jinsi ninavyochemsha maji. Nikikosea neno, aliniamuru nianze upya. Mara ya kwanza tulichukulia kama mchezo. Mara ya kumi hakukuwa na mchezo tena; uso wake ulikuwa wa mtu nisiyemfahamu. Chakula alikila akitazama ukuta. Habari za ofisi ziliisha. Nilikuwa nikimuona akiketi mikono mezani, vidole gumba vikipiga kitambaa, vikipiga bila sauti, hata ngozi ya pembeni ya kucha ikachubuka, na damu kidogo ikabaki kwenye kitambaa cheupe. Nami nikaharakisha kukifua, kwa sababu ya tume.

Jumamosi moja, mchana, nilipanga meza, nikaweka kisu upande wa kushoto badala ya kulia. Alikuwa amerudi na rula ya ofisi, ile ndefu ya mbao yenye chuma ukingoni. Alinipiga nayo kwenye vidole. Mara moja, na si kwa nguvu sana. Sikulia. Tuliitazama ile rula, yeye na mimi, kwa muda mrefu, na nadhani sote wawili tulikiona kiwanja kile ambacho mimi sikuwahi kukiona kwa macho. Yeye aliketi. Mimi nilitoka nikaenda kwa Helena nikiwa nimeuficha mkono ndani ya kitenge.

Helena hakuniuliza. Alikuwa anachambua mboga, akanisogezea kibao nikae.

"Nilisikia," alisema. "Kisha nikasikia kimya. Kimya ndio ilinitisha."

Mumewe alikuwa nje uani, anapigilia misumari. Kila siku alipotoka kazini alitengeneza viti vidogo vya mbao, na vyote vilikuwa na mguu mmoja mfupi.

"Unaviona vile viti?" Helena aliniuliza. "Iko vibaya. Ata kuku haiwezi kukalia. Toka ile siku treni yabo iliacha njia na mwenzake akafa pembeni yake, anatengeneza viti. Siku moya nilimuambia aache kelele, yeye ni muntu mukubwa, si fundi. Aliacha wiki mbili. Zile wiki mbili, mudogo yangu, nilikuwa naogopa ata kumupelekea maji. Nikamurudishia nyundo na mikono yangu mwenyewe."

Aliinuka, akaingia chumbani, akarudi na kitambaa kile kilichofungwa. Alikiweka mapajani pangu, akaendelea na mboga zake.

Kutoka mlango wa Helena hadi wetu ni hatua chache, nazo ndizo hatua ndefu kuliko zote nilizopiga mwaka ule. Ilikuwa mchana mweupe, watu wako njiani, na mimi nimebeba mikononi kile ambacho kingeweza kumlaza mume wangu chini. Nililiweka likembe mezani, katikati ya uma na visu. Anselme hakusimama.

"Rudisha ile kintu."

"Hapana, Tatu."

Sikuwahi kumwambia hapana.

"Bale ba tume bakikuya leo, je?"

"Bakuye. Kadi itakulinda na fimbo yabo. Miye, kadi gani itanilinda na rula yako?"

Alinitazama, kisha akautazama mkono wangu, kisha vidole vyake mwenyewe vilivyochubuka. Hakuomba radhi siku ile. Aliomba baadaye, na si mara moja. Alichukua likembe akatoka. Nilisimama jikoni nikisikiliza. Miezi ile kwa Helena ilikuwa imelegeza ndimi, na sauti zilizotoka zilikuwa mbaya kuliko zamani. Hakupiga wimbo wowote. Alikaa akirekebisha tu, akigonga, akisikiliza, akisukuma ulimi ndani, akiuvuta nje. Saa nzima ilipita hivyo. Alipoingia alinawa, akaketi, akaniambia kwamba ofisini paka ameingia kwenye kabati la karatasi akazalia humo, na Mzungu wao mkubwa amekataza wasimwondoe. Nililazimika kugeuka nimpe mgongo, asione uso wangu.

Sisemi kwamba likembe lilimwondolea woga. Watu wanapenda kusema hivyo, kwamba ukiwa na kitu cha mikono yako huzuni inakimbia. Woga ulibaki na sisi, na ulikuwa na haki ya kubaki, kwa maana fimbo ilikuwepo kweli na king'ora kililia kila siku. Ila nadhani woga ukimkuta mtu mikono mitupu, unaikamata mikono hiyo ukaitumia. Anselme alikuwa anatumikia ofisi, na serikali, na tume isiyofika, na mimi nilikuwa natumikia meza. Katika siku nzima, ile saa moja tu ndiyo alifanya kitu ambacho hakuna mtu aliyemwagiza, wala hakuna atakayekikagua, na akikosea hakuna anayeumia. Mtoto anazo saa za namna hiyo tele. Mtu mzima asipoziteka kwa nguvu, hapewi. Ndilo neno nililotaka kumwambia yule mjukuu wa Helena, lakini halisemeki haraka mbele ya sahani.

Tume ilikuja siku ya kazi, saa kumi na moja na nusu. Nilisikia mngurumo, mbwa, watoto, kisha injini ikapunguza mwendo na haikupanda tena. Milango miwili ikafungwa. Walikuwa watatu: Mzungu mwanamume, Mzungu mwanamke, na karani Mweusi wa kuandika. Anselme alikuwa nyuma ya nyumba, miguu mitupu, mikono ya shati imekunjwa, likembe magotini na tupa mkononi. Nilikimbia kumwita, na tulikutana mlangoni mwa jiko. Nikaona macho yake yakitafuta mahali pa kulificha: kwenye gunia la makaa, nyuma ya kinu, chini ya kitenge changu. Nilinyoosha mikono nilipokee. Hakunipa. Aliingia nalo ndani hivyo hivyo, na vumbi la chuma kwenye suruali.

Mzungu aliuliza ni kitu gani. Anselme alijibu kwa Kifaransa kwamba ni kazi ya mikono yake, analipiga akitoka ofisini. Mzungu akatabasamu, akamwambia basi apige kidogo tusikie. Kama asingepiga, ni ukaidi, na kama angepiga, ni mambo ya kijijini.

"Leo hapana, Bwana," alisema Anselme, kwa adabu. "Ulimi mmoja haujakaa sawa."

Mzungu alitikisa kichwa. Karani akaandika, na nikaona kidole gumba chake kikicheza kidogo juu ya ukingo wa daftari. Walichungulia chini ya kitanda. Waliniuliza juu ya maji, nami nikajibu kwa sauti isiyokuwa yangu. Yule mwanamke alikwenda jikoni akafunua chungu, na siku ile, kwa kuwa nilikwisha kuchoka kubeba sufuria kwenda kwa Helena, ndani yake walikuwemo ndakala. Alisimama na kifuniko mkononi, akiwatazama. Kisha akakirudisha taratibu, wakaondoka.

Tulingoja majibu wiki nyingi. Mvua za kwanza zilikuwa zimeanza barua ilipofika, na Anselme ndiye aliyeileta kutoka ofisini, imefunguliwa tayari. Ilisema kwamba kwa sasa ombi halikukubaliwa, anaweza kuomba tena. Sababu haikuandikwa. Aliomba tena miaka iliyofuata, akaja kuipata kadi, na haikupita muda nchi ikapata uhuru na kadi zile zikakosa maana. Lakini siku ile hatukuyajua hayo. Siku ile tulijua tu kwamba mume wangu atazeeka akiogopa kulazwa chini. Aliiweka barua juu ya kitambaa cheupe, akainyoosha kwa kiganja. Mimi nilibaki karibu na mlango. Nasema kweli, nilikuwa nimesimama mahali ambapo ningeweza kukimbia, na nilikuwa natazama mikono yake tu, nione itakwenda wapi.

Alivua koti, akalitundika. Akatoka nyuma ya nyumba.

Nilimfuata baada ya kitambo, na ungo wa maharagwe ili nionekane nina kazi. Mvua ilikuwa imekatika, ardhi inanuka. Alikuwa anapiga ule wimbo wake usio na mwisho, akafika pale anapokosea, akakosea, akarudi nyuma. Nilichambua maharagwe. Na sijui wimbo ulinitoka wapi, maana sikuwahi kutunga kitu maishani mwangu, nikajikuta naimba chini chini juu ya sauti zake: Madamu anafungua chungu, ndakala banamuangalia, Madamu anafunga chungu, ndakala bangali macho.

Likembe likanyamaza. Nikainua kichwa. Alikuwa ananitazama, vidole gumba vimeinuliwa hewani.

"Unaimba nini, Mamu?"

"Hakuna kintu, Tatu."

Aliinamisha kichwa, akagusa ulimi mmoja, kisha mwingine, anatafuta.

"Rudia," alisema. "Pole pole, nikufuate."